Vifungashio vya Karatasi Kutokana na Mabaki ya Shamba

Leo ninasema hasa na wewe uliyevuna, ukakausha, ukapembua, halafu ukafika mahali ukajiuliza: sasa nitafungia nini?

Miaka michache iliyopita nilifanya kazi na kikundi cha akina mama katika milima ya Usambara Mashariki, wilaya ya Muheza, huko kwenye iliki, mdalasini, pilipili manga na karafuu. Iliki yao ilikuwa nzuri, ya kijani, imekaushwa vizuri. Lakini waliiuza kwa kilo katika magunia, na mnunuzi ndiye aliyekwenda kuitia katika pakiti ndogo ndogo zenye jina lake na kuiuza kwa bei nyingine kabisa. Basi tukakaa tukaulizana: pakiti hii ni kitu gani hasa, hata itushinde? Shambani migomba imelala inaoza. Mimi nikasema mgomba una nyuzi, na penye nyuzi pana karatasi. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyojua mambo yenyewe.

Karatasi tukaipata. Ilikuwa ya rangi ya maziwa yaliyotiwa chai, ina vijinyuzi vinavyoonekana, kila aliyeishika aliigeuza mara mbili. Tukachonga mhuri, tukapiga chapa, tukafunga pakiti 300 za iliki, tukazipeleka mjini. Baada ya wiki 5 zikarudi. Wino ulikuwa umetambaa kama miguu ya buibui. Pembeni karatasi ilikuwa imelegea na kuota ukungu. Na iliki yenyewe, ukiinusa, ilikuwa kama ya mwaka juzi. Mnunuzi hakututukana. Alisema tu kwamba karatasi yetu ni nzuri, lakini si ya kufungia kitu. Mama mmoja akanitazama, akasema, "Bwana Shamba, ulitufundisha kutengeneza karatasi. Kufungasha hukutufundisha."

Mengi nitakayokueleza leo niliyajua baada ya siku ile.

Kwanza tuelewane karatasi ni nini. Kila mmea umejengwa kwa nyuzi ndogo sana, na nyuzi hizo zimeshikanishwa na kitu kama gundi, ambacho wataalamu hukiita lignini. Kutengeneza karatasi ni kuiyeyusha ile gundi, kuziacha nyuzi huru ndani ya maji, kisha kuzichota kwa chekeche zikalala moja juu ya nyingine na kushikana zinapokauka. Basi. Wachina, ambao kwa desturi ndio wanaohesabiwa kuuanza ufundi huu kwa mkono wa Cai Lun mwaka 105, walitumia magome ya miti, matambara na nyavu kuukuu za kuvulia. Kutumia magogo ya miti kwa wingi ni jambo la karne ya 19. Kwa hiyo mtu akikucheka kwamba unatengeneza karatasi kwa takataka, mwambie kwamba karatasi ilianza hivyo.

Na soko lipo. Hapa Tanzania Bara mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019. Kenya walitangulia tarehe 28 Agosti 2017, na Rwanda mwaka 2008. Ile mifuko mbadala, laini kama kitambaa, iliyojaa madukani baada ya hapo, nayo mingi asili yake ni plastiki; watu wameanza kulijua hilo. Wapo wanaotafuta karatasi. Lakini usijidanganye kwamba utashindana na kiwanda. Kiwanda cha Mgololo, wilayani Mufindi, hutengeneza karatasi ngumu ya kahawia kutokana na miti ya msitu wa Sao Hill, na mashine yake hutoa kwa muda mfupi karatasi ambayo wewe na jirani zako hamtaimaliza kwa mwaka. Karatasi ya mkono ina mahali pake: pakiti ndogo, bidhaa yenye bei nzuri kwa uzito mdogo, mnunuzi anayetazama kabla ya kununua.

Sasa nakuja kwenye swali ambalo sisi tulilirukia: takataka ni ipi?

Tulipoanza tuliona mgomba uliokwisha kuzaa, umekatwa, umelala. Tukauita takataka. Lakini wewe mkulima wa migomba unajua kwamba mgomba ule hauozi bure. Ukikatwa vipande na kutandazwa huhifadhi unyevu, huzuia magugu, na huirudishia ardhi chumvichumvi za rutuba, hasa potasi, ambayo mgomba huila kwa wingi kuliko mazao mengi. Wakati wa kiangazi ng'ombe naye anausubiri. Ukibeba migomba yote kuipeleka kwenye pipa la karatasi, baada ya misimu michache mikungu itakuwa midogo, nawe utaanza kununua mbolea ya dukani kwa fedha za pakiti. Hapo umefanya nini? Umeuza shamba lako kidogo kidogo, limefungwa katika karatasi nzuri.

Hivyo njia tuliyoishika baadaye ni hii: mgomba hauondoki shambani. Unachukua magamba ya nje tu, unayachana vipande vyembamba, unayaweka juu ya ubao na kuyakwangua kwa kisu butu mpaka nyama na maji vitoke, zibaki nyuzi. Nyama hiyo na maji yake, ambamo ndimo ilimo sehemu kubwa ya potasi, vinabaki pale pale chini ya migomba. Wewe unaondoka na nyuzi. Kazi hii huchafua mikono na nguo, kwa maana utomvu wa mgomba ukishashika nguo hautoki. Vaa nguo kuukuu.

Usitegemee nyingi. Zaidi ya sehemu 9 katika 10 za mgomba ni maji. Mgomba wa kilo 30, ukiukwangua kwa namna hii, hautakupa hata nusu kilo ya nyuzi kavu.

Na kuna jambo jingine ambalo ni kubwa kuliko hilo la mbolea. Mgomba usibebwe ovyo kutoka shamba hadi shamba. Ule ugonjwa wa mnyauko bakteria, ulioonekana Uganda mwaka 2001 na baadaye ukaingia kwetu Kagera, huenda na panga na huenda na sehemu za mgomba mgonjwa. Kikundi kinachokusanya migomba kutoka kaya 20 na kuirundika mahali pamoja kinaweza kusambaza ugonjwa kwa wiki moja kuliko wadudu kwa mwaka. Kwanguaneni kila mtu shambani kwake, panga lipitishwe kwenye moto kabla ya kwenda shina jingine, na kinachokusanywa kiwe nyuzi zilizokwisha kuoshwa na kukauka juani. Mgomba wenye majani yanayonyauka rangi ya njano, au ambao ukiukata unatoka uji wa njano, usiuguse kwa ajili ya karatasi. Mwite afisa ugani.

Vitu vingine navyo tulivijaribu au tuliambiwa tuvijaribu. Makumbi ya nazi yana lignini nyingi mno na nyuzi zake ndogo za ndani ni fupi. Yaache kwa kamba na kwa kuni. Pumba za mpunga hazifai kabisa. Majani makavu ya mpunga yanafaa kidogo, lakini yana silika, ile kama mchanga, na karatasi yake huvunjika ukiikunja. Maganda ya mahindi, yale yanayofunika gunzi, ni mazuri na hulainika upesi, ila kama una ng'ombe atakushitaki. Mabaki ya miwa, yaani makapi yanayobaki baada ya kukamua, viwanda vya karatasi huko India huyatumia kwa wingi; lakini hapa kwetu viwanda vya sukari huyachoma kupata mvuke na umeme, kwa hiyo usiende pale ukadhani wanayatupa. Mwenzangu mmoja wa upande wa ziwa alinisifia magugu maji. Yana maji mengi kuliko hata mgomba na karatasi yake pekee ni dhaifu, ila kuyaondoa ziwani hakumkoseshi mtu kitu.

Lakini sisi wa Tanga tuna takataka yetu ya kweli, nayo ni mkonge. Mkonge uliletwa huku mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf kutoka Florida, miche michache tu ikapona, na ikajaza nchi kuanzia Pangani hadi Korogwe na Morogoro. Wewe uliyewahi kusimama karibu na korona inaposaga majani unajua: katika kilo 100 za majani mabichi, singa kavu hazizidi kilo 5. Zilizobaki ni maji na makapi, na kwa miaka mingi yalimwagwa, yakaoza, yakaingia mitoni, samaki wakakosa hewa. Pale Hale umejengwa mtambo wa kutengeneza biogesi kutokana na makapi hayo. Sisi hatuhitaji makapi yote. Tunahitaji singa fupi zilizokatika, zile zinazopita na maji ya korona au kubaki chini ya brashi, ambazo hazifai kwa kamba. Hizo hakuna shamba linalozililia wala ng'ombe anayezisubiri. Na nyuzi za mkonge zina nguvu. Omba ruhusa kwa wenye kiwanda, zioshe vizuri, kwa maana maji ya mkonge huwasha ngozi, kisha zianike.

Mchanganyiko uliotukubali ni sehemu 2 za singa fupi za mkonge kwa sehemu 1 ya nyuzi za mgomba. Mkonge unaipa karatasi nguvu ya kutochanika, mgomba unaifanya ijae na kuwa laini kidogo. Tena usiudharau mgomba: ile karatasi ya vifuko vya majani ya chai, inayokaa ndani ya maji ya moto bila kupasuka, viwanda vimezoea kuitengeneza kwa nyuzi za abaka, na abaka ni ndugu yake mgomba anayeota Ufilipino.

Haya, tuingie jikoni.

Kata nyuzi kavu urefu wa pingili moja ya kidole. Zikiwa ndefu zitajisokota kama kamba na utalia. Ziloweke usiku kucha. Asubuhi chemsha. Kwa kilo 1 ya nyuzi kavu tia gramu 200 za soda ashi, ile inayotumiwa na watengenezaji wa sabuni, na maji ya kuzifunika vizuri. Angalia usichanganye mambo: magadi soda ya pakiti ndogo, ya kupikia maandazi, si hiyo, nguvu yake ni ndogo. Kostiki soda ina nguvu zaidi, lakini huunguza nyama ya mtu na jicho. Katika nyumba yenye watoto mimi siishauri. Njia nyingine ni maji ya majivu, kama walivyofanya bibi zetu katika sabuni na katika kupika mboga ngumu: unatia majivu ya kuni kwenye ndoo iliyotobolewa chini na kuwekewa majani makavu, unamwaga maji polepole, yanatoka ya rangi ya chai na yakiguswa yanateleza. Ya majivu huchukua muda mrefu, lakini mwisho wa mazungumzo haya utaona kwa nini nayapenda.

Usitumie sufuria ya aluminiamu. Narudia kwa sababu ndizo tulizo nazo wote. Soda hula aluminiamu, maji yanatoa povu na hewa inayoweza kushika moto, na sufuria inakwisha. Tumia pipa la chuma au chungu.

Chemsha saa 3. Utajua tayari ukichukua uzi mmoja ukauvuta kwa ncha za vidole ukakatika bila ubishi. Hapo mimina kwenye kitambaa, osha mpaka maji yawe meupe na nyuzi zisiteleze tena mkononi.

Kisha kinu na mchi. Ndiyo, kinu kile kile, ila kisiwe cha chakula. Watu wengi huharakisha hapa, na karatasi hapa ndipo inapopata au kukosa nguvu. Kutwanga si kukata nyuzi. Ni kuzichanua, zitoe manyoya madogo yatakayoshikana. Tulitwanga kwa zamu, kiasi cha saa moja kwa kila fungu, na kusema kweli zile nyimbo za kutwangia mahindi zilisaidia kuliko ushauri wangu. Kipimo chake: chukua kidogo, tia kwenye chupa ya maji, tikisa. Ukiona vinyuzi vimetawanyika kama wingu, imetosha. Ukiona mabonge, rudi kwenye kinu.

Chekeche ni fremu ya mbao iliyowambwa wavu wa dirisha, na juu yake fremu nyingine tupu ya kuzuia uji usimwagike pembeni. Sisi fremu yetu ni sentimita 35 kwa 50. Zamisha kwenye beseni kubwa lenye uji wa nyuzi, inua sawasawa, tikisa mbele na nyuma, kushoto na kulia, mara moja moja tu, kabla maji hayajaisha. Karatasi ibandue juu ya kitambaa chenye unyevu, weka kitambaa kingine, panga hivyo mpaka zifike 20, kisha kandamiza. Mawe yanafaa, jeki ya gari ndani ya fremu ya mbao inafaa zaidi. Maji mengi yakitoka kwa kukandamizwa, nyuzi hushikana. Yakitoka kwa jua peke yake, karatasi inakuwa kama yai la kukaanga, imejikunja pande zote. Zibandike zikauke juu ya ubao laini au bati, kwa maana upande unaogusa ubao ndio utakaopokea chapa.

Hapo ndipo sisi tulipoishia mara ya kwanza, tukakimbilia mhuri. Karatasi ya namna hii haijamalizika. Inakunywa maji na wino kama udongo mkavu. Pika uji mwembamba sana wa wanga wa muhogo, gramu 50 kwa lita 1 ya maji, upoe, uupake kwa brashi pande zote mbili, kausha, kandamiza tena. Halafu chora mstari kwa kalamu ya wino. Mstari ukiota manyoya, paka mara ya pili. Wanga huzuia wino kutambaa na huipa karatasi nguvu. Hauzuii maji, na mende wanaupenda. Kwa hiyo karatasi zikae juu, mahali pakavu, si kwenye sakafu ya stoo karibu na mahindi.

Sasa chapa. Mhuri mzuri wa bei ndogo unatokana na kandambili: soli ya mpira hukatika vizuri kwa wembe, herufi zikachongwa kinyumenyume. Kwa pakiti 100 unatosha. Zikizidi, tafuta mtu mwenye skrini ya kitambaa, zile wanazochapia fulana. SIDO wana ofisi mikoani, nao hawakosi kumjua mtu wa kazi hiyo. Mchoro uwe mkubwa na herufi nene, kwa sababu karatasi hii ina mabonde na milima, na herufi nyembamba hupotea humo. Wino mzito ni bora kuliko mwepesi. Upande wa ndani unaogusa chakula usichapwe chochote, na kwa sababu hiyo hiyo usichanganye magazeti ya zamani katika uji wa karatasi ya chakula ili kuongeza wingi. Ule wino hauondoki wote. Acha nafasi ya kuandika uzito, tarehe ya kufungasha na ya mwisho wa matumizi, na jina la mtengenezaji na mahali alipo. Kabla ya kupeleka dukani ongea na watu wa TBS, ambao tangu mwaka 2019 ndio wanaosimamia pia usalama wa chakula.

Nimesema wino ulitambaa, na karatasi ikaota ukungu. Bado harufu. Hapa sina dawa ya karatasi, na atakayekuambia anayo muulize mara mbili. Mafuta ya iliki na karafuu ni mepesi, hupita katika karatasi kama moshi katika makuti, na unyevu wa mvua za masika huingia kwa njia hiyo hiyo. Tulijaribu kuipaka nta ya nyuki. Nta ilizuia unyevu vizuri, lakini karatasi yetu nene ilikunywa nta nyingi hata pakiti ikawa ghali kuliko iliki. Mwisho tukakubali: iliki, karafuu na pilipili manga ya kusaga hukaa ndani ya kifuko kidogo kilichoruhusiwa kwa chakula na kufungwa kwa moto, na karatasi yetu inakuwa ya nje, yenye jina na mchoro. Wengine walinung'unika kwamba plastiki imerudi kwa mlango wa nyuma. Ni kweli, imerudi kidogo. Lakini kutupa iliki iliyokufa harufu si kuhifadhi mazingira. Mdalasini wa vijiti, sabuni, mishumaa na vifurushi vya zawadi hufungwa kwa karatasi peke yake, na hapo ndipo karatasi hii inaposimama kwa miguu yake.

Sasa chukua kalamu tupige hesabu. Kilo 1 ya nyuzi kavu, baada ya kuchemshwa na kuoshwa, itabaki kama gramu 600. Karatasi moja ya sentimita 35 kwa 50, ya unene wa kufungia, ina uzito wa kama gramu 26. Hizo ni karatasi 23. Kila karatasi hutoa pakiti ndogo 3, ukiondoa zinazoharibika unabaki na pakiti 60 na kitu. Kwa hizo mtu mmoja amekwangua, amechemsha saa 3, ametwanga, amechota, amekausha, amepaka wanga. Ukigawa siku hizo kwa pakiti utaona kwamba kwa bidhaa ya bei ndogo hailipi. Usifungie chumvi humo. Kwa bidhaa ambayo mnunuzi huongeza fedha akiiona nadhifu, inalipa, na akina mama wale hawauzi tena iliki yote kwa gunia. Sehemu yake, si yote, hutoka na jina lao.

Katika hesabu hiyo andika pia kuni. Sisi tulikuwa tunaishi pembeni mwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, na siku ya kwanza tulichemsha mgomba kwa kuni za msituni. Yaani tunakata mti ili tutengeneze karatasi isiyokata mti! Aliyeliona ni mtoto wa shule aliyekuja kutazama. Sasa wanachemshia magunzi na makumbi ya nazi yanayotoka chini Muheza, katika jiko la udongo lenye mdomo mmoja, na wanachemsha mara moja kwa wiki, pipa likiwa limejaa.

Namalizia na swali ambalo huulizwa kila ninapofika: maji meusi yanayobaki baada ya kuchemsha yamwagwe wapi? Usiyamwage mtoni wala kwenye chemchemi. Ni makali, na uchafu uliomo hunyang'anya maji hewa, kama makapi ya mkonge yalivyofanya. Kwanza yatumie tena kuchemshia fungu la pili, ukiongeza soda kidogo. Baada ya hapo, kama ulitumia soda ashi, yaache yapoe, yachanganye na maji mengi, yamwage kwenye shimo lililo mbali na kisima na mbali na mimea. Chumvi ya soda huiharibu ardhi. Lakini kama ulitumia maji ya majivu, kilichomo ni potasi. Hayo yapunguze makali kwa maji mengi, yapoe kabisa, yaache siku mbili tatu, kisha yarudishe kidogo kidogo kwenye migomba ile ile uliyoikwangua, shina hili leo na lile wiki ijayo. Akina mama wale wana debe lenye alama ya rangi nyekundu kwa ajili ya kazi hiyo tu, lisije likachanganywa na la maji ya kunywa, na hukaa nyuma ya banda, karibu na kinu.

Wenye maswali waandike kama kawaida, wakitaja zao wanalotaka kufungia na mabaki waliyo nayo shambani. Kwaherini.